Uzi: Pesa ikishapewa jina, jina ndilo linaloipeleka

Mwandika Daftari (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naombeni tulijadili hili taratibu, kila mtu na anachokijua.

Huwa tunasema pesa ni pesa. Elfu moja ya mshahara, elfu moja ya kuokota na elfu moja uliyorudishiwa na mdeni aliyekuzungusha mwaka mzima, zote zinanunua kitu kilekile. Kwa hesabu ni kweli, ila sijaona mtu anayeishi hivyo. Ya kuokota hailali. Ya mdeni unaiona kama umeipata bure, wakati ilikuwa yako tangu mwanzo. Ya mshahara unaihesabu mara mbili kabla hujaitoa. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kinachoamua pesa itaelekea wapi ni jina iliyoingia nalo mfukoni, na jina hilo tunalipokea bila kuuliza kalitoa nani.

Uingereza, mwaka 1997, serikali ilianzisha malipo kwa wazee yaliyoitwa malipo ya nishati ya majira ya baridi. Yanaingia kama pesa taslimu. Hakuna risiti inayodaiwa, hakuna anayepita nyumbani kukagua kama mzee amenunua gesi au amemnunulia mjukuu viatu. Wachumi waliochapisha utafiti wao mwaka 2014 walipiga hesabu kwamba kama wazee wangeichukulia pesa ile kama pesa nyingine yoyote, takriban asilimia 3 yake tu ndiyo ingekwenda kwenye nishati. Walichokikuta ni karibu nusu nzima. Lile jina peke yake, bila sheria yoyote nyuma yake, ndilo lililoipeleka pesa kwenye nishati.

Marekani nako, Nicholas Epley na wenzake walichapisha mwaka 2006 majaribio ambamo watu walipewa dola 50. Kundi moja liliambiwa hiyo ni bonasi, jingine likaambiwa ni pesa yao inarudishwa. Baadaye wakaulizwa wametumia kiasi gani. Wa bonasi walikuwa wametumia zaidi ya maradufu ya wenzao. Yaani ukiambiwa "yako imerudi" unajiona umefika pale ulipotakiwa kuwa. Ukiambiwa "umeongezewa" unajiona una ziada, na ziada kazi yake ni kutumika.

Sasa turudi kwenye midomo yetu wenyewe. Sikilizeni tunavyosema mwisho wa mwezi: pesa imeisha, imekatika, imeyeyuka, imenitoka, haikai. Kwenye sentensi zote hizo anayetenda ni pesa. Mimi mwenye mfuko nimesimama pembeni kama shahidi. Ni nadra kumsikia mtu akisema "nimeimaliza". Simlaumu mtu, lugha imeshatuandalia njia hiyo na inapitika kirahisi.

Na kwa wale wanaoandika matumizi, fungueni daftari mwangalie mstari unaoitwa "mengineyo". Mara nyingi ndio mnene kuliko yote baada ya kodi ya nyumba. Jirani yake ni "dharura". Humo utakuta ada ya shule, ambayo tarehe yake inajulikana tangu mwaka jana. Utakuta bima ya gari, ambayo huisha siku ileile kila mwaka. Hizo ni dharura za namna gani? Tukishaziita hivyo, tunajiruhusu kutoziandalia kitu, maana dharura kwa maana yake haiandaliwi.

Nakaribisha hoja. Na kupingwa pia.

---

Noti Nzima

Naunga mkono hoja, mkuu. Nyongeza fupi: noti kubwa.

Priya Raghubir na Joydeep Srivastava walichapisha mwaka 2009 kwamba mtu mwenye noti moja kubwa huwa mzito kuitumia kuliko mwenye kiasi hichohicho kwa noti ndogondogo. Sisi hatukuhitaji utafiti. Tunasema kuvunja noti, kama mtu anayevunja chungu. Na ikishavunjwa, kilichobaki kinaitwa chenji, na chenji haina mwenyewe. Asubuhi ulikuwa unaiogopa noti, mchana chenji ya noti hiyohiyo unaigawa kama pipi.

Kwenye simu sasa hakuna cha kuvunja. Salio ni namba moja ndefu, ukitoa kidogo inabaki ndefu vilevile.

---

Mkavu Macho

Mleta uzi, kwa heshima zote, hizi ni stori za walioshiba.

Mtu anayepokea leo na kudaiwa leo hana muda wa kuipa pesa jina. Inaingia ikiwa tayari ina wenyewe watatu wamesimama mlangoni. Umwambie aache kusema "imeisha" aseme "nimeimaliza", umemsaidia nini? Umemwongezea lawama juu ya njaa.

Na wewe ukileta tafiti, mimi pia ninayo. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi ya Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa hawana kitu, na baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Hakuna aliyewabadilishia msamiati hapo katikati. Walibadilishiwa mfuko.

Tatizo la mada kama hizi ni kwamba zinaishia kwa wale wahamasishaji wa jukwaani: jitamkie utajiri, usiseme huna, sema pesa iko njiani. Watu wanatoa kiingilio kwenda kufundishwa kutamka. Anayetajirika pale ni mmoja, na ndiye mwenye kipaza sauti.

---

Mwandika Daftari

Mkavu Macho, la wahamasishaji tuko pamoja, tena nilitaka kuliandika nikaona uzi utakuwa mrefu. Kutamka hakuleti hata senti. Na huo utafiti wa Tamil Nadu nauheshimu. Ukata unachosha akili na hauponi kwa sarufi.

Lakini angalia nilichokidai. Sikusema jina linaleta pesa. Nimesema pesa ikishafika, hata kama ni ndogo, jina linaisukuma. Kuna swali la Amos Tversky na Daniel Kahneman la mwaka 1981 ninalolipenda. Unakwenda kuangalia mchezo wa jukwaani, tiketi dola 10. Ukifika mlangoni unagundua umepoteza noti ya dola 10. Utanunua tiketi? Asilimia 88 ya walioulizwa walisema ndiyo. Sasa badilisha: ulishanunua tiketi ya dola 10, ukifika mlangoni unagundua tiketi yenyewe imepotea. Utanunua nyingine? Waliosema ndiyo walishuka hadi asilimia 46. Hasara ni ileile ya dola 10, na viti ni vilevile. Tofauti ni kwamba ile noti haikuwa na jina, ilipotea ikiwa "pesa tu". Tiketi ilikuwa imeshaandikwa kwenye fungu la burudani, na kununua ya pili ni kulilipia fungu hilo mara mbili.

Sidhani kwamba haya ni ya matajiri. Mwenye kidogo ndiye mwenye mafungu mengi zaidi. Muulize mama anayeendesha nyumba kwa kipato kidogo atakutajia pesa yake kwa majina, moja moja, kama anayeita watoto.

Ninachokihofia zaidi ni pale jina linapoandikwa na mtu wa upande wa pili wa meza. Humu najua kuna watu wamefanya kazi kwenye mikopo. Njooni mseme.

---

Dawati la Nyuma

Umeniita, nimekuja. Niliwahi kukaa dawati la mikopo, taasisi siitaji.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa pale kilikuwa maneno. Mteja mpya haambiwi "deni". Anaambiwa "mkopo wako", "huduma", "kiwango chako". Neno deni lilikuwa la watu wa chumba cha pili, wa ukusanyaji. Kwa hiyo pesa ileile ilikuwa na jina moja hadi tarehe ya malipo, na ikivuka tarehe inabadilishwa jina, inabadilishwa chumba, na sauti ya anayekupigia simu inabadilika. Sisi tulikuwa tukisema "mpendwa mteja". Wao walianza na jina lako kamili, matatu yote.

Chukueni ujumbe wa kawaida wa simu, wa aina ambayo kila mtu amewahi kuupata. Huu nimeuunda mwenyewe ila mtautambua:

"Hongera! Umefuzu kupata hadi 500. Kiwango chako kimeongezwa. Bonyeza kupokea sasa."

Pitieni neno kwa neno. Hongera: umefanya jambo la kupongezwa. Umefuzu: kulikuwa na mtihani, umepita. Kiwango chako: tayari ni chako. Kimeongezwa: umepanda. Kupokea: kama zawadi. Hakuna mahali pameandikwa kukopa, wala kurudisha. Sasa uandikeni upya kwa maneno ya chumba cha pili: "Tuko tayari kukudai 500. Tumeongeza kiasi tunachoweza kukudai. Bonyeza uanze kudaiwa." Kila sentensi ni kweli kama ile ya mwanzo. Nani angebonyeza?

Halafu riba. Hili neno kwa wasemaji wa Kiswahili lina uzito wake, waumini wa Kiislamu wanajua limekatazwa waziwazi, na hata asiye Mwislamu likitajwa anakaa sawa kwenye kiti. Kwa hiyo mikopo mingi ya muda mfupi inaliepuka. Inaitwa ada: ada ya huduma, ada ya uwezeshaji, ada ya maombi. Ada inasikika kama kitu kinacholipwa mara moja kikaisha. Tufanye umechukua 100, ada 10, urudishe baada ya mwezi. Mwezi unafika huna 110, unaruhusiwa kulipa ile 10 na kusogeza mbele. Wanaita kuongeza muda. Fanya hivyo mwaka mzima: umelipa 120, na ile 100 bado inadaiwa kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

Marianne Bertrand na Adair Morse walilijaribu jambo hili kwa wakopaji wa mikopo ya siku ya mshahara Marekani (ile midogo ya kulipwa mshahara ukiingia), wakachapisha mwaka 2011. Wakopaji walipoonyeshwa jumla ya ada kwa pesa halisi jinsi inavyojilimbikiza miezi ikipita, ukopaji wao wa miezi minne iliyofuata ulipungua kwa takriban asilimia 11. Hawakuhubiriwa wala kupelekwa semina. Namba ileile iliwekwa kwenye umbo ambalo haliwezi kuitwa kadogo.

Na kadi za mkopo zina neno lao tamu: "kiwango cha chini cha malipo". Mtu analisoma kama ushauri, kwamba hiki ndicho kiasi kinachofaa. Sheria ya kadi ya Marekani ya mwaka 2009 iliwalazimisha watoa kadi waandike kwenye taarifa ya mteja itamchukua muda gani kumaliza akilipa kiwango cha chini tu. Hawakuwa wakiandika kwa hiari, na sababu mnaijua.

---

Noti Nzima

Dada Dawati, huo ujumbe wa "tuko tayari kukudai" nimecheka peke yangu kwenye basi.

---

Mkavu Macho

Dada, hapo umenifunga mdomo kwa upande huo. La mikopo nakubali, maana kule maneno yanaandikwa na mtu anayelipwa ili yafanye kazi. Bado lakini: yule anayebonyeza, mara nyingi anabonyeza kwa sababu mtoto anaumwa. Ungemwandikia "tunakudai" angebonyeza vilevile.

---

Dawati la Nyuma

Wapo hao, na wengi. Ila nilikaa pale kiasi cha kuwaona na wengine: aliyekopa kwa sababu kiwango kiliongezwa. Hakuwa na shida siku hiyo. Alipata ujumbe saa moja jioni akaona si vibaya. Huyo ndiye ujumbe uliandikwa kwa ajili yake.

---

Sarufi Tupu

Nimechelewa, ila nashangaa hakuna aliyemleta Keith Chen.

Huyu ni mchumi, mwaka 2013 alichapisha kwenye American Economic Review kwamba lugha zinazolazimisha kutofautisha wakati ujao na uliopo kwa sarufi zina wasemaji wanaoweka akiba ndogo kuliko wengine. Hoja yake ni kwamba lugha ikiiweka kesho mbali, kesho inaonekana ya mtu mwingine. Sasa angalieni Kiswahili: naweka, nitaweka. Hiyo -ta- imekaa katikati ya kitenzi, huwezi kuikwepa. Kwa nadharia hiyo sisi tumekwisha tangu shule ya msingi.

Kabla hamjaanza kuilaumu -ta-, kuna sehemu ya pili ambayo wahamasishaji huwa hawaifikishi. Mwaka 2015 Seán Roberts, James Winters na Chen mwenyewe walirudia uchambuzi wakizingatia kwamba lugha zina undugu. Lugha jirani hurithi sarufi pamoja na mambo mengine mengi ya maisha, kwa hiyo huwezi kuzihesabu kama mashahidi waliokuja kila mmoja kivyake. Walipoliweka hilo kwenye hesabu, uhusiano ule ulilegea sana. Namheshimu Chen kwa kuweka jina lake pale pia.

Na -ta- ina watetezi. Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 mpango ambao wafanyakazi hawakuombwa kuweka akiba zaidi leo. Waliombwa wakubali kwamba mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza itaingia akiba yenyewe. Waliojiunga walitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Sentensi yote ilikuwa ya -ta-. Kilichoisaidia ni kwamba baada ya kusema "nitaongeza" hawakuhitaji kukumbuka, mwajiri alikata.

Kitu ninachokiona kina nguvu zaidi kwenye sarufi yetu ni ukanushaji. Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt, mwaka 2012, waliwafundisha watu kukataa kishawishi kwa namna mbili, ya "siwezi" na ya "huwa sifanyi". Wa namna ya pili walihimili zaidi. Pimeni wenyewe: "siwezi kununua kwa mkopo" na "sinunui kwa mkopo". Ya kwanza inamkaribisha muuzaji akutatulie tatizo, "tutakupangia, utalipa kidogokidogo". Ya pili haina pa kushika.

---

Shangazi wa Kibubu

Wanangu, mmesoma sana, Mungu awazidishie. Mimi niongeze la nyumbani ambalo Sarufi amelikaribia.

Mtu akija kukuomba pesa na unayo lakini imeshapangiwa, unamjibu nini? Wengi wetu tunasema "sina". Ni jibu la haraka, halina ugomvi. Lakini "sina" ina mambo yake. Kwanza ni uongo, na kesho akikuona umebeba kitu kipya mnaanza kununiana. Pili, na hili ndilo ninaloliona baya zaidi, ukilisema mara nyingi unaanza kuliamini. Unakuwa mtu asiye na kitu wakati unacho, na mtu asiye na kitu hapangi.

Sisi tulikuwa na neno zuri, sijui kwa nini vijana mnaliacha. Tulikuwa tunasema "pesa ipo, ila ina mwenyewe". Mwenyewe anaweza kuwa mwenye nyumba, anaweza kuwa karo, anaweza kuwa ugonjwa ambao haujaja. Ukisema ina mwenyewe umekataa bila kudanganya na bila kumdharau aliyekuja. Na yeye anaelewa, maana hata zake zina wenyewe. Anaweza kukasirika, lakini anakasirikia hali, hakukasirikii wewe.

Mgeukeni na aliyekuja. Sikilizeni anavyoomba. "Niazime" ana nia ya kurudisha, au angalau ametaja kwamba inarudi. "Nikopeshe" vilevile. Akisema "nisaidie", "niwezeshe", "nitoe hapa", "nishike mkono", hapo hajataja kurudisha, na ukitoa kimya kila mtu ameondoka na sentensi yake. Yeye amesaidiwa. Wewe umekopesha. Baada ya miezi miwili unamdai, anashangaa kwa moyo mweupe kabisa. Mimi huuliza palepale, kwa upole: "Hii nakuazima au nakupa?" Akijibu nipe, natoa kiasi ambacho sitakilia. Akijibu niazime, tunataja tarehe wote wawili kwa sauti.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ndiyo, lakini harusi yenyewe mara nyingine mwalikwa hakujua ni ya nani.

---

Mwandika Daftari

Shangazi, hilo swali la "nakuazima au nakupa" nalichukua kama lilivyo.

---

Mkavu Macho

Shangazi shikamoo. "Ina mwenyewe" nimelikubali, na nalikubali kwa sababu linamfaa hata mwenye kidogo. Halimwambii ajitamkie utajiri.

---

Mtu wa Odds

Mmesahau kamari, wakuu, wakati huko ndiko maneno yamefanya kazi chafu kuliko kwenye mikopo.

Kwenye makundi ya kubashiri hakuna anayesema anacheza kamari. Anaweka. Anawekeza. Ana mtaji. Akipoteza, mkeka umechanika, tena "umechanwa na timu moja", kana kwamba yeye na ushindi walitenganishwa na mtu wa tatu. Watu wanaposti mikeka iliyochanika kwa timu moja kwa fahari, kama wanafunzi waliokosa alama moja. Hesabu haijui kukaribia. Pesa imekwenda yote.

Mashine za kamari zina ujanja wa aina yake. Unaweka 100 kwa mistari mingi, mmoja unalipa 40. Taa zinawaka, muziki unapigwa, kioo kinaandika UMESHINDA 40. Umepoteza 60. Watafiti wa Canada, Mike Dixon na wenzake, walichapisha mwaka 2010 wakionyesha kwamba miili ya wachezaji husisimka kwa hasara za namna hii karibu sawa na kwa ushindi wa kweli. Wanaziita hasara zilizovaa nguo za ushindi. Ukitaka kujua unasimama wapi, usihesabu ulizoshinda. Angalia ulizoweka na ulizotoa, toa moja kwenye nyingine. Programu nyingi historia hiyo wanayo, ila wameifukia chini kabisa kwenye menyu.

Na mtu akishinda kweli, zile zinaitwa "pesa za muhindi" (yaani za mwenye kampuni ya kubashiri), "pesa za mchezo", jina lolote lisilo lake. Thaler na Eric Johnson waliandika mwaka 1990 kwamba baada ya ushindi watu hujitosa zaidi, maana wanaona wanacheza na pesa za mwenye kasino. Pesa iliyoingia kwenye akaunti yako ni yako. Ukiiita ya mwingine, itarudi kwake.

---

Mgeni Jukwaani

Samahani wakuu, mimi ni mgeni humu, nimesoma uzi wote. Nina swali la kweli, si la nadharia. Nataka kukopa. Sehemu moja wamesema riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Sehemu nyingine nao asilimia 2 kwa mwezi. Wa kwanza wameongeza neno "bapa", wa pili "inayopungua". Nikauliza tofauti nikaambiwa ni utaratibu tu wa ndani. Ni kweli?

---

Dawati la Nyuma

Karibu. Si utaratibu wa ndani, ni pesa yako.

Bapa maana yake riba inapigwa kwenye kiasi cha mwanzo kila mwezi, hata kama umeshalipa nusu. Inayopungua inapigwa kwenye kile unachodaiwa bado. Tuchukue 1,200 kwa miezi 12, asilimia 2 kwa mwezi, malipo sawa kila mwezi.

Bapa: 24 kila mwezi mara 12 ni riba 288. Unarudisha 1,488, yaani 124 kwa mwezi.

Inayopungua: malipo yanatoka takriban 113.5 kwa mwezi, jumla kama 1,362. Riba ni kama 162.

Asilimia 2 na asilimia 2, na moja inakaribia kuwa mara mbili ya nyingine. Ukitaka kuigeuza ile bapa iwe kwa lugha ya inayopungua, ni kama asilimia 3.5 kwa mwezi. Jambo jingine: ukipanga kulipa mapema, uliza kabla. Kwenye mikopo mingi ya bapa ukilipa mapema bado unaweza kudaiwa riba yote ya miezi 12.

---

Mgeni Jukwaani

Asante sana dada. Nimerudi kuangalia karatasi ya wale wa kwanza. Neno bapa lenyewe halipo. Pameandikwa "gharama ya uwezeshaji" na asilimia, basi.

---

Dawati la Nyuma

Basi achana na asilimia. Waombe waandike mambo matatu kwenye karatasi hiyohiyo: kiasi kitakachofika mkononi mwako baada ya makato yote, kiasi utakacholipa kila mwezi na kwa miezi mingapi, na kiasi utakachodaiwa ukitaka kumaliza mwezi wa sita. Wa pili nao waulize vilevile. Wakikwambia mfumo hauwezi kutoa hicho cha tatu, jua kwamba mfumo unaweza. Nilikuwa nautumia.

---

Mgeni Jukwaani

Wa pili wameandika yote. Wa kwanza wamesema meneja yuko likizo.